Akibadilisha Sauti, Msikilize Upya

Kuna muziki ambao ukiupiga sebuleni dakika mbili tu, jirani atakuja kugonga mlango aulize kama kuna mtu anachinjwa. Gitaa zinakwaruza, ngoma zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu anaingia mwimbaji ambaye haimbi, ananguruma! Ndiyo, nauzungumzia muziki wa metali. Najua umezoea safu hii ikikuletea mambo ya wivu, mawifi na bajeti ya harusi. Tulia msomaji wangu, tutafika huko huko.

Swali langu la mwezi huu ni hili. Mtu ambaye kazi yake ni kunguruma, akitoa albamu ya pili akawa hangurumi kama zamani, tuseme ameharibika, amekua, au amepona? Na yule unayelala naye kitanda kimoja, akianza kuongea kwa sauti usiyoizoea, wewe unasemaje? Wengi wetu tuna neno moja tu: "Umebadilika." Tunalisema kama hakimu anayesoma hukumu, na kesi inafungwa hapo.

Jamani, kuna mengi ya kujifunza kwa hawa wapiga kelele.

KWANZA, INAFANYIKAJE?

Wengi wanadhani kunguruma ni kupayuka tu mpaka koo liume. Siyo hivyo. Ndani ya koromeo tuna nyuzi za sauti, zile zinazotetemeka unapoongea au kuimba kwaya. Juu yake kidogo kuna mikunjo mingine minene, ambayo kwenye maongezi ya kawaida hukaa pembeni kama mgeni aliyekuja mapema. Mwimbaji wa metali aliyefundishwa vizuri huisogeza ile mikunjo ya juu mpaka nayo itetemeke. Hapo ndipo unapata ule mngurumo mzito. Nguvu inatoka chini, kwenye pumzi na msuli ulio chini ya mapafu, na koo haliachiwi libebe mzigo peke yake. Akitaka ukelele mwembamba unaochoma, anabana pumzi kwa namna nyingine, na umbo la mdomo na ulimi linabadilika.

Jambo hili wala si la Wazungu peke yao. Waimbaji wa Tuva, kule Siberia, wana uimbaji wa asili unaoitwa kargyraa, na unatumia mikunjo hiyo hiyo ya juu. Hapa kwetu, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alikuwa na sauti iliyoshuka chini hadi ikakwaruza, halafu ikapanda juu kama filimbi, na yote yanatoka kwa mtu mmoja. Alifariki mwaka 2003. Sikiliza "Chibite" ya 1996, kisha "Assembly" ya 2002 aliyorekodi na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Mzee ni yule yule, lakini katika albamu ya pili amezungukwa na sauti za mashine na gitaa la umeme, na koo lake linakaa mahali tofauti. Kwa hiyo ukimsikia mtu ananguruma, usikimbilie kusema ana mapepo.

GIZA LA MWAKA 2020

Sasa twende kwa majirani zetu Wakenya. Mwaka 2020, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya vijana wawili wanaojiita Duma. Sisi tunamjua duma kama yule mnyama mwenye mbio, lakini wao jina wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Sam Karugu alishika gitaa na mashine, na Martin Kanja, anayejulikana kwa jina la kazi Lord Spikeheart, akashika maiki. Walirekodi Kampala mwaka 2019, na albamu ikabeba jina lao wenyewe.

Sauti ya Kanja mle ndani, we acha tu! Kwa masikio yangu, ni mayowe ya juu yaliyozama katikati ya kelele za mashine, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kiwanda ambacho mitambo haijazimwa. Maneno huyashiki kirahisi. Wakati mwingine hujui pumzi ya mtu inaishia wapi na mashine inaanzia wapi. Mtu yuko mle, ana jambo zito, na hana nafasi ya kulieleza kwa utaratibu.

Mwaka uliofuata, 2021, ukimfuata kwenye "Tewari", albamu ya mwanamuziki wa Kijapani Scotch Rolex, unamkuta amealikwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mle yumo pia MC Yallah wa Uganda. Midundo imeachiwa nafasi, na sauti yake inaanza kusogea mbele.

Halafu ikaja Aprili 2024. Kanja akatoa albamu ya peke yake, "The Adept", kwa lebo yake mwenyewe aliyoiita Haekalu. Hapo ndipo mabadiliko yalipo. Mayowe ya zamani bado yapo, usidhani amekuwa mwimbaji wa harusi. Lakini sasa kuna mngurumo wa chini unaokaa tumboni, kuna mahali anatema maneno kama mtu wa rapu, na kuna mahali anasema tu. Na hayuko peke yake, maana ameita watu kibao, akiwemo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Ajabu yake ni kwamba albamu inayoitwa ya peke yake ndiyo yenye watu wengi kuliko ile ya kundi.

Albamu hiyo ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ni nyanya yake mkuu. Huyu mama ndiye mwanamke pekee aliyepewa cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau. Alibaki msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963. Nywele alizofuga tangu msituni hakuzikata mpaka Aprili 2022, alipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, na Septemba 2023 akafariki. Hebu fikiria, mtu anafunga nadhiri kichwani mwake karibu miaka 70! Ukilijua hilo, ule mngurumo wa 2024 unausikia kwa namna nyingine kabisa. Yule wa 2020 alikuwa anapiga kelele gizani. Huyu wa 2024 anajua anamlilia nani.

MAMBO MANNE YANAYOBADILISHA SAUTI

Nimejaribu kuyapanga, maana mhariri hawezi kukaa bila kupanga.

La kwanza ni mwili. Koo linazeeka, au linafundishwa. Mwaka 2005 mwalimu wa sauti wa New York, Melissa Cross, alitoa DVD ya mafunzo iitwayo "The Zen of Screaming", kwa sababu waimbaji wengi walikuwa wanapiga mayowe bila mbinu. Ukikosa mbinu unaota vinundu kwenye nyuzi za sauti, na hapo hata "habari za asubuhi" inatoka kwa shida.

La pili ni studio. Maiki ikiwa karibu na mdomo, sauti inakuja sikioni kama siri. Ikiwa mbali, au ikirundikiwa kelele juu yake, mtu yule yule anasikika kama yuko bondeni. Mara nyingi tunasema mwimbaji amebadilika, kumbe fundi mitambo ndiye aliyebadilika.

La tatu ni watu. Unaongea na nani? Ukiwa na mwenzako mmoja mnayeelewana kwa macho, sauti inakaa vile. Ukiwa na wageni kumi, lazima utafute njia nyingine ya kusikika.

La nne ni jambo lenyewe unalotaka kusema. Hili ndilo zito kuliko yote.

Mfano wa dunia nzima ni Opeth, kundi la Sweden. Mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt alikuwa mfalme wa mngurumo mpaka albamu ya "Watershed" ya 2008. Mwaka 2011 wakatoa "Heritage", na mle ndani hamna hata mngurumo mmoja, anaimba taratibu. Mashabiki wakanuna! Zikapita albamu tatu zaidi, anaimba vile vile. Halafu Novemba 2024, kwenye "The Last Will and Testament", mngurumo ukarudi. Albamu hiyo inasimulia familia iliyokusanyika kusomewa wosia wa baba, na mle ndani kuna marehemu mwenye siri zake. Kwa mtu aliyekufa na hasira zake, sauti ya taratibu ingetosha kweli? Miaka yote hiyo watu walikuwa wanasema koo limekwisha. Kumbe koo lilikuwepo muda wote.

SASA TUJE NYUMBANI

Juni, kwenye baridi ile yenyewe, nilikuwa Isongole, kule Rungwe, kwa mdogo wangu wa kiume na mke wake. Kwa usiyepajua, ni pale kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, upande wa kupandia Ziwa Ngozi. Ukungu unaingia mpaka jikoni, viazi ndiyo dhahabu, na usiku kucha unasikia malori yanayokwenda Kasumulu yakipunguza gia. Kama hujawahi kusikia mngurumo wa metali, msikilize dereva wa lori anavyoteremka mlima na mzigo. Ndiyo huo huo.

Mdogo wangu ni mpenzi wa metali tangu chuo. Mke wake ni mtu wa kwaya, tena sauti ya kwanza. Siku ya pili wifi yangu akaniita nje, tukakaa kwenye jiko la mkaa tukimenya viazi, akaniambia, "Wifi, mimi nimeshaongea na mama. Nataka nirudi Mbeya kwanza." Nikamuuliza kuna mwanamke? Akasema hapana. Anapiga? Hapana. Analewa? Hapana. "Basi nini?" Akanyamaza, halafu akasema, "Haongei. Tangu tumzike baba haongei. Usiku anakwenda kwenye stoo ya viazi na spika yake, anasikiliza lile jitu linalolia. Mimi nimekuwa fenicha."

Baba yetu tulimzika mwaka juzi. Mdogo wangu aliacha kazi Dar es Salaam akaja kusimamia shamba, kwa sababu yeye ndiye wa kiume, na kila mtu akamwambia "jikaze". Hata mimi dada yake nilikuwa nimekuja kuuliza habari za shamba tu.

Nikamwambia wifi, kabla hujafunga begi, nisikilizishe hilo jitu. Tukachukua simu ya mume wake akiwa shambani, kwa ruhusa yake lakini, msianze! Lilikuwa ni hao hao Duma. Nikampigia kipande cha 2020, halafu kipande cha 2024. Mtu wa kwaya ni mtu wa kwaya, masikio yake hayalali. Akasema, "Huyu wa kwanza yuko peke yake. Huyu wa pili ana watu." Nikanyamaza. Akaendelea mwenyewe, "Na mume wangu anapiga huyu wa kwanza tu. Huyu wa pili sijawahi kumsikia humu ndani."

Jioni, tukila viazi na maharage, wifi akamuuliza mume wake, mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba Neema, yule kaka unayemsikiliza, kwa nini zamani alikuwa analia peke yake na siku hizi ana wenzake?"

Mdogo wangu aliweka kijiko chini. Akaanza kujibu kuhusu albamu, mara studio, mara Kampala, mara yule bibi wa msituni. Akaongea dakika ishirini, ambazo wifi aliniambia baadaye ndizo ndefu kuliko zote tangu msiba. Halafu katikati ya maneno akasema, "Siku ile mlinikataza kulia. Mimi nililia wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Wifi akasogeza kiti.

Sitakudanganya kwamba wakaishi raha mustarehe. Ninachojua ni kwamba wiki ile begi halikufungwa, na usiku ule stoo haikufunguliwa.

MABABU WALIJUA

Nilipokuwa kule nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni, kwenye shahada yangu ya mawasiliano. Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walifanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930. Wakaandika kwamba msibani wanawake walilia kwa sauti, na wanaume walicheza ngoma ya vita wakiwa na mikuki, vumbi likitimka. Mgeni angeshangaa kwamba watu wanazika au wanapigana? Lakini kila mtu alikuwa na mahali pa kuweka sauti yake, mwanamke kwa kilio na mwanaume kwa miguu na mkuki.

Siku hizi msibani tuna kwaya, turubai na kamati ya chakula, na ni vizuri. Lakini yule mwanaume wa miaka 30 aliyevaa suti nyeusi na kugawa maji ya chupa, sauti yake ameiweka wapi? Wengine wanaiweka kwenye bia. Wengine wanaiweka kwa mtoto aliyevunja glasi. Mdogo wangu aliiweka kwenye stoo ya viazi, akamwachia Mkenya mmoja amlilie. Ukiniuliza mimi, katika hizo tatu, yeye alichagua vizuri. Ila stoo haijibu, na mke yupo.

KAKA NA DADA, TUFANYEJE?

Sikuambii uanze kupenda metali. Nakuambia ufanye kile ambacho shabiki mzuri hufanya albamu mpya ikitoka.

Usihukumu kwa wimbo mmoja. Mume akijibu vibaya Jumatatu, hiyo ni Jumatatu. Sikiliza albamu nzima.

Tofautisha koo na studio. Pengine mwenzako hajabadilika, bali nyumba ndiyo imejaa kelele, kama mtoto mchanga, mkopo, wageni na foleni. Ondoa kelele kwanza, kisha ndiyo umsikilize.

Uliza kuhusu sauti, usiulize kuhusu kosa. "Umebadilika" ni shtaka, na mshtakiwa hujitetea. "Siku hizi unaongea taratibu, kuna nini?" ni mlango. Wifi yangu aliuliza kuhusu mwimbaji, na mume akajibu kuhusu yeye mwenyewe.

Na usimlazimishe arudi kwenye albamu ya kwanza. Hapa ndipo mashabiki wengi wanapokosea, wanamtaka msanii wa miaka ile ile. Hata Åkerfeldt aliporudi kunguruma, alirudi akiwa mtu wa makamo mwenye hadithi nyingine. Mchumba uliyemvisha pete hayupo tena, na wewe aliyekuvisha hayupo. Mliobaki ni nyinyi mlio nao leo.

Mwisho, lile koo lenyewe. Kama wewe ni mwalimu, mhubiri, mpiga debe au mama wa watoto wanne, unatumia sauti kuliko mwanamuziki. Kunywa maji, acha kupayuka ukiwa na mafua, na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu usiendelee kutafuna tangawizi. Nenda hospitali ukamwone daktari wa masikio, pua na koo. Kukwaruza kwa muda mrefu kunaweza kuwa vinundu, na kunaweza kuwa jambo kubwa zaidi, hasa kwa mvutaji wa sigara.

Basi wikendi hii, zima televisheni. Mwombe mwenzako achague wimbo mmoja anaousikiliza akiwa peke yake, hata kama ni wa kunguruma, hata kama ni wa shule ya msingi. Usicheke wala usitoe maoni. Wimbo ukiisha, hesabu mpaka kumi, halafu muulize kitu kimoja tu: huyu anamlilia nani?

Niandikie amekujibu nini. Tukutane mwezi ujao, hapa hapa.